Waya Uliuchomeka Vizuri

Msambweni, Jumapili, baada ya swala ya alasiri

Saumu mwanangu,

Nimekaa ndani ya gari kuandika, kwa sababu humu ndimo mahali pekee ambapo nina hakika hutakuja. Umekwenda kuagana na majirani. Najua utachelewa, maana kila nyumba watakulazimisha kula, na wewe huwezi kumkatalia mtu. Hilo ulilitoa kwangu, na ndilo lililonifikisha hapa.

Mambo ya begi tumeyamaliza, sitayarudia. Namna ya kuvaa na ya kumjibu mwenye nyumba, wale wa wakala wa kazi za Muscat wamekufundisha wiki mbili nzima, na wewe hujapata kuhitaji kuambiwa jambo mara mbili. Nina moja tu la kukwambia. Unaondoka ukiamini kwamba Bibi yako alifia njiani kwa sababu hukuuchomeka vizuri waya wa kuchajia hili gari letu la stima. Uliuchomeka. Ulishika, na chaji iliingia. Nilijua siku ile ile, na nimekaa nalo miezi kumi na moja.

Nimeliandika mapema ili nisije nikafika ukurasa wa tatu nikapata sababu ya kulipita. Sasa nivumilie, nikueleze lilivyokuwa, pamoja na lilivyoanza, maana halikuanzia kule kwetu Kinango.

Unakumbuka gari hili lilivyoingia kwetu. Yule mama wa Kizungu wa Diani, niliyemfulia na kumpikia miaka saba, alipokuwa anarudi kwao aliniachia kwa makubaliano yetu sisi wawili, akanikabidhi na waya wake mweusi mzito. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, baba yako ameshaoa Lunga Lunga na kusahau njia ya huku, wewe una miaka kumi na minne, na leseni yangu ina wiki tatu. Watu walicheka. Vijana wa boda walikuwa wakiniuliza, "Mama Saumu, gari limezimika au limenuna?" Na Bibi, siku niliyompakia mara ya kwanza, alivua ndara zake akazishika mkononi, na tulipofika barabarani akasema, "Mejumaa, hili gari ni la mwizi? Mbona linatoka nyumbani bila kuaga?" Ulicheka mpaka ukapaliwa.

Wewe ndiwe uliyelijua. Mimi nilijua kuliendesha tu. Wewe ulisoma kile kitabu chake chote, ukanieleza kwamba ile namba ya kilomita kwenye kioo ni makisio, gari linakisia kwa mwendo wa jana, halijui mlima wa leo. Ukawa unakaa mbele na kunitajia. "Mama, arubaini na mbili. Mama, punguza mwendo. Mama, zima kipoza hewa." Tulipoanza kubeba abiria, tukawapeleka wageni Shimoni wakashuke kwenda kisiwani Wasini, tuliwazimia kipoza hewa tangu Ramisi, wakalowa jasho, na mmoja akauliza kama limeharibika. Ukamjibu kwa Kiingereza chako cha shule kwamba hewa ya bahari ni nzuri kwa mapafu. Alishusha dirisha akavuta pumzi. Nilikaza macho barabarani nisicheke.

Nayakumbuka haya kwa sababu nyingine pia. Nikiyaangalia sasa naona nilikuwa nikifanya kosa moja tangu mwanzo, na kila mara liliishia kwenye kicheko, kwa hiyo sikulihesabu. Ile siku ya Majoreni. Nilimchukua yule Bi Riziki na magunia yake, nikijua wazi kwamba chaji ya kwenda ipo na ya kurudi haipo. Ulinibana mkono. Ukanong'ona, "Mama, haitoshi." Nami nikamgeukia Bi Riziki nikamwambia, "Panda mamangu, inatosha." Ningemwambiaje mtu mzima aliyesimama juani na mizigo kwamba haitoshi? Tukaishia kuomba stima kwa muuza samaki. Mara tu tulipochomeka, swichi yake kubwa ikaruka, friji lake la barafu likanyamaza, naye akatoka nje na kitambaa begani akasema, "Mama, gari lako lina kiu ya ngamia. Miaka ishirini nauza samaki, sijapata kupokea mgeni anayeizima nyumba kwa kuikaribia." Tulikaa pale kutwa nzima tukila samaki wake wa kukaanga. Ulifurahi. Nikaona kumbe kusema "inatosha" hakudhuru kitu. Mtu akiwa na haya hupata riziki njiani.

Hilo ndilo nililokuwa naliamini.

Sasa Kinango.

Tulikwenda kwa matanga ya kaka yake Bibi. Nawe ulinipangia safari kwenye karatasi: kutoka hapa hadi Ukunda ni tambarare, kupanda Kwale kunakula sana, kushuka upande wa pili kunarudisha kidogo. Tulifika kwa mjomba wako na chaji ya asilimia thelathini na moja, kama ulivyoandika. Ukaniambia kwamba kurudi, mlima tutaupanda upande wa kwao, kwa hiyo tusiondoke chini ya sitini. Nikasema sawa.

Siku ile ya kwanza hakukuwa na stima. Ya pili, ilirudi kabla ya adhuhuri. Uliruka mkekani, ukauchomeka waya, ukaja kuniambia, "Mama, nimechomeka," kisha ukaondoka na binti za mjomba wako kwenda kumsalimu shangazi kule ng'ambo ya bonde, mkalala huko. Mara mbili nilikwenda kutazama. Mara ya mwisho, jua likiwa limeelemea, ilikuwa sitini na moja. Sitini na moja, Saumu. Niliiona kwa macho yangu, na nikajisemea moyoni kwamba mwanangu ana akili.

Baada ya hapo stima ikakatika tena, na wale wanawake wakaja.

Mama Kadzo alikuja na wenzake wanne. Unamjua, yule jirani mwenye kisima cha pampu. Siku nne pampu haijafanya kazi kwa ajili ya stima, maana ile ya mchana haikufika upande wao, na tangi la matanga lilikuwa limebakia tope. Maji ya kunywa walikuwa wakiyaleta kwa punda kutoka mbali. Mmoja wao alikuwa amesikia kwa vijana kwamba gari langu linaweza kutoa stima pia. Akasema, "Mejumaa, tumesikia gari lako lina soketi. Au mambo ya kwenu pwani huwa hayafiki huku?" Akacheka, lakini nilijua alichosema. Nilizaliwa pale. Wakati wa ukame nilipokuwa mdogo, mama yake Mama Kadzo ndiye aliyetupa mtungi mmoja wa maji kwa siku, na hakutuuliza tutaulipaje. Kwetu Kinango mtu anaweza kukunyima chakula ukamwelewa. Maji hayanyimwi.

Nikalipeleka gari kisimani, tukaunganisha pampu. Nikajiambia, hamsini, ikifika hamsini nazima. Tangi likajaa, ikawa hamsini na tatu. Nikataka kuzima. Akaja bibi mmoja na punda wawili na mitungi mitupu. Nikasema huyu tu. Nyuma yake wakaja wengine, kumbe habari zilikwishafika. Halafu ng'ombe wa mzee wa jirani, mbavu zinahesabika, wakasikia harufu ya maji wakaja wenyewe bila kuchungwa. Ungewazimia wewe? Labda ungewazimia. Wewe ungeniambia, "Mama, arubaini na tano. Mama, arubaini." Hukuwapo, na mimi sikutazama kioo. Hapana, nitasema kweli: nilitazama, kisha nikaangalia pembeni. Wanawake walikuwa wakiniombea dua. Walikuwa wakisema mtoto wa kwetu hakutusahau. Mwanangu, tangu nilipozaliwa sikuwahi kuwa mtu mkubwa pale, na saa ile nilikuwa mkubwa.

Nilipozima ilikuwa ishirini na tisa. Nikalirudisha gari kwa mjomba wako, nikauchomeka waya mahali ulipouacha, nikatumaini stima itarudi. Haikurudi. Mjomba wako alikuwa kaburini na wazee, hakuona gari likitoka wala likirudi. Wale wanawake nao hawakuwa na la kusimulia. Hawakujua kwamba maji na safari vyote hutoka kwenye chungu kimoja. Walidhani gari ni kama kisima.

Asubuhi yake mlirudi, na Bibi akaanguka uani akiwa na kikombe cha chai. Zahanati wakasema ni moyo, apelekwe Kwale upesi. Gari lao la wagonjwa lilikuwa limetoka na mwingine, lingerudi baada ya saa moja. Mjomba wako akasema, "Nimkimbilie Mzee Ndoro, ana pikapu." Hapo ndipo mahali penyewe. Nikikaa macho usiku huwa narudi hapo tu, hata kisimani sirudi. Nilikuwa nimebakiwa na neno moja la kusema: kimbia, langu halina chaji. Nikasema, "La, langu liko tayari, mpakie."

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Kwa sababu kama ningesema halina, ningeulizwa imekwenda wapi. Ningeonekana nimeimwaga kwa sifa. Na kwa sababu mara zote nilizosema inatosha, ilitosha kwa namna fulani.

Ulipoketi nyuma na kichwa cha Bibi mapajani, ulinyoosha shingo ukatazama kioo. Ukasema polepole, "Mama, ni karibu ile ile tuliyokuja nayo." Uso wako ulibadilika pale pale. Nami nikakutazama kwenye kioo cha juu, na nikasema yale maneno. "Basi waya haukuingia vizuri."

Yalitoka yenyewe. Nataka kuamini hivyo. Lakini kisha zikaja kilomita nzima za kuyarudisha, na sikuyarudisha.

Mengine unayajua, ulikuwapo. Tulipoanza kuupanda mlima, ile picha ya kobe, ya kuonya kwamba chaji inakwisha, ikawaka kwenye kioo, na gari likaanza kutambaa. Mjomba wako hakujua maana yake, akauliza, "Huyu kobe anataka nini hapa?" Likasimama kwenye ile kona ya miti, Kwale hata mapaa yake hayajaonekana. Ulikuwa unamwambia Bibi, "Tumefika, tumefika karibu." Lori la kwanza lilipokubali kusimama, ulikuwa umekwishanyamaza.

Nyumbani mjomba wako akauliza mbele ya watu wote, "Stima ilikuwapo jana kutwa. Nani alikuwa na kazi ya kuchaji?" Nikasema, "Nilimwachia Saumu."

Kila neno humo ni kweli. Nilikuachia wewe. Ndiyo maana ni uongo mbaya kuliko wote niliousema maishani.

Ulikuwa umesimama mlangoni. Hukujitetea. Uliinamisha kichwa, kwa adabu niliyokufundisha mwenyewe, kwamba mtoto hajibizani na mzazi mbele ya watu. Ukaingia chumbani, hukutoka hata kwa mazishi. Kwa hiyo hukuona jambo moja, na hili halijui mtu yeyote ila mimi. Tulipomaliza kumwosha Bibi, Mama Kadzo alinishika mikono yote miwili, mikono yake bado imelowa, akaniambia, "Mejumaa, tumshukuru Mungu. Yale maji uliyotupa jana ndiyo tuliyomwoshea mama. Leo tungetafuta wapi?" Akanibusu. Nikasema amin.

Basi hayo ndiyo maji niliyomnunulia mama yangu.

Nilijaribu kukwambia, na huko kujaribu sikuhesabu kitu, ila ujue kwamba nafasi nilipata. Kubwa ilikuwa Ramadhani. Tulikuwa tunamenya muhogo, ukasema bila kuinua macho, "Mama, plagi ikishika huwa inalia, tak. Nimejaribu kukumbuka kama niliisikia. Siku nyingine nasikia, siku nyingine sisikii." Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Ungeniuliza tena mara moja tu, ningesema. Lakini muadhini akaanza, nami nikasema, "Haya, tufuturu." Ulitia tende kinywani, na machozi yalikuwa yanakutoka, na mimi nikakupa maji. Iliingia, mwanangu. Ililia. Kama hukuisikia ni kwa sababu mabinti walikuwa wanakuita.

Tangu siku ile ya Kwale hujapanda gari hili. Unatembea mpaka barabara kuu na kungoja, mvua na jua. Ile nafasi ya chuo, ya kusomea umeme wa magari, uliyoililia miaka miwili, uliiacha ipite, ukasema, "Mimi sishiki waya tena." Nikakwambia, "Ni sawa, fanya moyo wako unavyotaka." Sikuwa na ulimi wa kusema zaidi. Na yule wakala wa Muscat alipokuuliza kazi unayoitaka, watoto au upishi, ukajibu wazee. Umepewa ajuza asiyeweza kuinuka kitandani. Wenzako wote walikuwa wakikwepa kazi hiyo. Nilikuwa nimekaa kando yako ofisini, nikaelewa unakwenda kulipa nini, na kwa nani. Nikaweka sahihi mahali pa mzazi.

Sikuandikii ili ubaki. Ungekuwa umeamua kwenda kwa sababu unataka kwenda, ningekufungia begi kwa kamba na kunyamaza. Lakini hilo deni halina jina lako. Ukimgeuza ajuza wa watu usiku, ukimwosha, ukimlisha kwa kijiko, usifanye hata mara moja kwa ajili ya waya wa Kinango. Na ukiona baada ya kusoma kwamba ulikuwa unakwenda kwa ajili hiyo tu, basi tutakwenda kwa wakala mimi na wewe, nitasimama mimi mbele, nitakuwa mwenye makosa mimi.

Ulikuwa ukinifundisha kwamba gari la stima halina aibu, likiisha linasema limeisha, tena kwa taa na mlio. Ulikuwa unatania. Mimi nimeishi miaka thelathini na mitano sijaweza hata mara moja. Nimemwambia baba yako inatosha wakati haitoshi, nimewaambia waajiri, nimewaambia abiria, nimejiambia mwenyewe. Sijui kama mtu wa umri wangu anajifunza. Sina nasaha ya kukupa katika hili, nina aibu tu, na naona afadhali uichukue kama ilivyo kuliko nikupambie.

Mchana nimempigia simu mjomba wako. Nilimweleza yote, kuanzia kisimani. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikasikia kuku wake. Akauliza, "Mtoto anajua?" Nikasema bado, kesho anasafiri. Akasema, "Basi umeanza kwa mtu asiyehusika, Mejumaa." Akakata. Ndiyo maana niko hapa na kalamu. Kesho atakuja kukuchukua kama tulivyopanga, lakini sidhani atanisalimu.

Nilifikiri nikutilie barua hii begini, uikute kule. Nikaona huo ungekuwa uoga wa mwisho. Ukasirike ukiwa mbali, kwenye nyumba ya watu, huna hata mlango wa kuubamiza? La. Nitakupa mkononi ukirudi, na nitakaa mbele yako ukisoma, sitashika chungu wala ufagio.

Nina ombi moja. Ukimaliza, usiniambie "haidhuru, mama." Usiinamishe kichwa. Yale yote ambayo ungemjibu mjomba wako siku ile mlangoni, nijibu mimi, kwa sauti yoyote, majirani wasikie. Na ukiona neno mama halikutoki, niite Mejumaa, kama watu wengine wanavyoniita. Nitaitika.